Mahema yamekwenda wapi? Swali kuhusu wageni wa hifadhi za taifa

MlinziWaLango ameuliza:

Wakuu, salaam. Nimekaa langoni mwa hifadhi ya taifa miaka 21. Si mwandishi, lakini nina swali linanikera, naomba mnivumilie.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubonyeza. Tulipewa kale kadude ka chuma kanakoenea kiganjani. Gari likipita unabonyeza, namba inasogea. Likija basi la wanafunzi unapanda ndani, unahesabu vichwa, unabonyeza mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Likizo zikianza nilikuwa nabadilisha mkono. Siku hizi kuna waya umelazwa barabarani, unahesabu wenyewe, na mimi nimebaki kukagua tiketi na kuwaonyesha watu choo kilipo.

Magari bado yapo, sisemi hayapo. Kinachonisumbua ni kambi. Kambi yetu ya mtoni ina nafasi 24 za mahema, na kila nafasi ina mduara wake wa mawe wa kuwashia moto. Jumatatu asubuhi nilikuwa nazunguka na koleo na toroli kuzoa majivu, na toroli moja haikuwahi kutosha. Msimu uliopita ulipoisha nilizunguka tena: miduara mitatu ndiyo yenye majivu. Mingine imeota nyasi katikati. Mmoja chungu wamejenga humo na wana raha zao.

Halafu kuna kitabu cha wageni. Zamani mtu alijaza nusu ukurasa, mtoto akachora ndege pembeni, baba akaandika "tutarudi", na kweli walirudi. Kuna familia nilikuwa nazijua kwa mwandiko. Mtoto mmoja alianza na herufi za penseli zilizolala chali kama walevi. Mwaka wake wa nane ameandika kwa wino, mwandiko umenyooka, analalamika kwamba njia ya juu imefunikwa na miti. Sasa hivi ni jina, tarehe, na neno moja: "pazuri".

Je, ni kiingilio? Ni simu? Au watu wamechoka kutazama miti? Kazini kila mtu ana mchawi wake. Mkubwa wangu anasema hatujitangazi vya kutosha. Siafiki, maana zamani hatukujitangaza kabisa na toroli ilijaa.

HesabuKwanza amejibu:

Mzee wa lango, heshima yako. Ila kabla hatujamtafuta mchawi, tuhakikishe kuna maiti.

Ukiitazama dunia nzima, huwezi kusema watu wamepungua. Mwaka 2009 mtafiti Andrew Balmford na wenzake walichapisha hesabu za maeneo 280 ya hifadhi katika nchi 20. Katika nyingi ya nchi hizo wageni walikuwa wanaongezeka. Miongoni mwa zilizokuwa zikishuka ni Marekani na Japani, na walichokiona ni kwamba nchi ikizidi kutajirika, ongezeko la wageni nalo linapoa.

Tuchukue Marekani, kwa sababu wameanza zamani (hifadhi yao ya Yellowstone ni ya 1872) na wanahesabu kila kitu. Mwaka 1987 idara yao ya hifadhi iliandika ziara milioni 287 hivi. Baada ya hapo namba ikawa inapanda kidogo, inashuka, na haikuipita ile ya 1987 mpaka 2014. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2006, watafiti Oliver Pergams na Patricia Zaradic walilinganisha kushuka kwa ziara na muda ambao watu wanautumia kwenye michezo ya video, filamu za kukodi na intaneti, wakaongeza na bei ya mafuta. Mistari ikaendana karibu kabisa. Magazeti yakashangilia: mchawi ni kioo cha televisheni na kompyuta!

Mimi sikushangilia. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini ukimchinja jogoo kutakucha tu. Tazama kilichofuata: simu zikaingia kila mfuko, na mwaka 2024 Marekani wakavunja rekodi yao, karibu milioni 332. Kama kioo ndicho kilichowafukuza watu, kimewarudishaje?

Lakini usifurahi haraka, gawanya kwanza. Mwaka 1987 Wamarekani walikuwa milioni 242 hivi, sawa na ziara 1.19 kwa kila mtu. Mwaka 2024 walikuwa milioni 340: ziara 0.98. Kwa hiyo rekodi imevunjwa na ziara kwa kila mtu zimepungua, yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. (Na namba hizo zinabeba hata majumba ya kihistoria na minara ya kumbukumbu iliyo chini ya idara hiyo, si zile 63 tu zenye jina la hifadhi ya taifa.)

Jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike. Hizo ni ziara. Si watu. Mtu akiingia mara tano anahesabiwa mara tano. Kadude kako ka chuma hakajui nani amerudi na nani amekuja kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Waya wa barabarani ndiyo kabisa haujui. Kitabu chako kinajua. Kifungue.

MamaWawili amejibu:

Mimi ndiye huyo aliyepungua, niacheni nijitetee.

Baba yangu alitupeleka hifadhini kila mwaka. Likizo yake ilikuwa mwezi mzima, anaichukua kwa mkupuo. Tulikuwa tunalala kwenye hema la turubai zito linalonuka mafuta ya taa, usiku tukimsikia anakoroma kuliko kitu chochote kilichokuwa porini. Sasa nina watoto wawili, wa miaka tisa na minne, na siku zangu za likizo ni makombo. Leo siku moja ya mkutano wa shule, kesho siku mbili za homa. Zikibaki mbili za kuunganisha na Jumamosi, nashukuru.

Miaka mitatu iliyopita nilijitutumua. Hifadhi niliyoitaka ni ya kuweka nafasi mtandaoni, na nafasi zinafunguliwa siku moja, saa moja. Nikakaa tayari na kompyuta. Wakati najaza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa pili, zikaisha. Nikapata Jumatano moja mbele huko, nikaomba ruhusa kazini kwa uongo. Tukafika: eneo la kuegesha magari limejaa, tumezungushwa saa nzima, na kwenye maporomoko kuna foleni ya kupiga picha. Foleni! Watu wanasogea hatua moja moja kama wanapanda basi. Mwanangu mdogo ukimuuliza leo alichokiona atakuambia: chungu, karibu na choo. Aliwatazama nusu saa, na nadhani yeye peke yake ndiye aliyetalii siku ile.

Mnasema kiingilio. Kiingilio kilikuwa kitu kidogo kuliko vyote. Mafuta ya gari, malazi, viatu vya watoto ambavyo havifiki mwaka wa pili, ndivyo vilivyoniumiza.

Lakini hata hivyo vyote si sababu. Sababu ni aibu kuisema. Sijui kusimamisha hema. Baba ndiye aliyejua, mimi nilikuwa nashika kamba aliyoniambia nishike. Sijui wapi pa kulaza hema ili mvua isituingie, sijui chakula nikiweke wapi usiku ili wanyama wasitufuate, sijui mlio upi ni wa kuamka na upi ni wa kugeukia upande wa pili. Nilidhani nimefundishwa, kumbe nilipelekwa tu. Baba ameshafariki. Kila mwaka nafungua kabati, nalitazama lile turubai, nafunga.

TuliaHuko amejibu:

Waacheni wapungue. Wanyama wapumzike, miti ipumue. Mnataka walete nini zaidi ya chupa na kelele?

HatuaElfu amejibu:

@TuliaHuko, mimi naongoza matembezi ya miguu, na kuna siku nakubaliana na wewe kwa moyo wote. Kuna jiwe moja ambalo kila mgeni anataka kulikalia kwa sababu ameliona kwenye picha ya mtu mwingine. Hataki njia, hataki jina la mti, anataka jiwe. Akishalikalia anaangalia saa.

Tatizo ni kwamba hawapungui mahali unapotaka wapungue. Great Smoky Mountains ya Marekani ilipata ziara zaidi ya milioni 12 mwaka 2023. Gates of the Arctic, ambayo haina barabara wala njia iliyochongwa, ilipata kama 11,000. Zote ni hifadhi za taifa za nchi moja. Hukohuko, hifadhi ya Zion walijaza magari mpaka mwaka 2000 wakaanza kuwabeba watu kwa mabasi korongoni. Kwa hiyo yule mama anakuta foleni, na mzee anakuta nyasi kwenye majivu.

Na hilo la "waacheni wapungue" lina bei yake. Hetch Hetchy ni bonde ndani ya Yosemite, hifadhi nyingine ya taifa ya Marekani. Bonde la jirani lilikuwa na wageni wengi, hili lilikuwa na wachache waliolijua. Mwaka 1913 Bunge la Marekani likaruhusu lijengwe bwawa, na leo liko chini ya maji. Miaka ya 1950 ikaja hoja kama hiyohiyo ya bwawa pale Echo Park, ndani ya eneo la hifadhi la Dinosaur. Safari hii watetezi hawakuandika barua tu. Walianza kuwapeleka watu wa kawaida kwa mashua za mpira, waushuke mto wenyewe, waloane. Waliorudi wakawa wakali kweli. Sheria ya mabwawa ya 1956 ikapita bila bwawa la Echo Park. Mahali pasipo na mtu aliyewahi kulala hapana wakili.

TuliaHuko amejibu:

Sawa, hapo umenishika. Chupa zao bado sizitaki.

MlinziWaLango amejibu:

Nimerudi. Samahani kwa siku nne za ukimya, vitabu vilikuwa stoo na panya walishaanza kuvisoma kabla yangu.

@HesabuKwanza nimefanya ulivyosema. Nimechukua kitabu cha mwaka wangu wa pili na cha msimu uliopita, miezi ileile, nikakaa mezani na miwani. Kile cha zamani, kila kurasa mbili tatu nakutana na mtu aliyeandika "tena", au "mara ya tano", au "mwaka huu tumemleta bibi". Cha sasa nimekisoma mpaka mwisho, "tena" nimeikuta mara moja, na nikitazama jina, ni fundi aliyekuja kurekebisha pampu. Majina ni mengi kuliko nilivyodhani. Ila hawarudi. Miaka yote hii nilikuwa naomboleza watu ambao hawaji, kumbe wanakuja, wanapita mbele yangu mara moja kama treni.

Na jambo lingine sikuwahi kulitia akilini. Wale wa "mara ya tano" karibu wote walikuwa wa kambini. Mgeni wa kutwa anaondoka na picha. Aliyelala anaondoka na kesi: hakumwona bundi aliyemsikia, samaki alikata uzi, mvua iliwafukuza siku moja kabla. Anarudi kumalizia.

@MamaWawili, mwanangu, lile turubai litoe kabatini. Lisimamishe kwanza nyumbani, mchana, usiwe na haraka. Shika kamba zote mwenyewe, kisha umwagie maji juu uone linavuja wapi, maana turubai la zamani huvuja kwenye mshono wa paa. Kamba ya pembeni usiivute mpaka ilie, turubai likiloa linajikaza lenyewe litang'oa vigingi. Mahali pa kulala tafuta panapoinuka kidogo, usikubali bonde dogo hata likiwa na nyasi laini, hiyo ni njia ya maji imelala. Chakula, pamoja na sabuni na dawa ya meno, kisikae ndani ya hema hata kidogo. Uliza langoni wenyeji wanakiweka wapi: kuna hifadhi zenye masanduku ya chuma, nyingine watakuambia ufungie kwenye gari. Usione haya kuuliza. Miaka 21 sijamcheka mtu aliyeuliza. Niliowacheka ni wale wasiouliza, tena saa nane za usiku.

Usije kwenye hifadhi ya foleni. Njoo kwenye isiyo na picha maarufu, siku za kazi, msimu ukielekea kwisha. Na usiwazungushe watoto. Chagua maji mamoja, dimbwi au mkono wa mto, mkae hapo toka saa kumi na mbili asubuhi. Kuna matope, kuna nyayo kwenye matope, na huyo wa miaka minne atazipata kabla yako kwa sababu macho yake yako karibu na ardhi. Korongo akisimama majini mpe robo saa. Watu wengi humpa dakika moja, wanaondoka sekunde chache kabla hajadokoa.

Ukija kwetu, omba nafasi namba 11. Ina kivuli mpaka saa tano, na mduara wake ndio wenye chungu. Nimemwambia kijana wa zamu asiwafagie.