Kofia ya leza na mkono wa kulia wa Baba

Kikundi: UKOO WA NGAMIANI, TANGA

*Ijumaa, baada ya Isha*

Omari (Muscat): Asalaam aleikum. Shikamoo Baba, shikamoo Mama, shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Wengine hamjambo.

Omari: Video niliyotuma hapo juu ni ile kliniki ya Dar niliyowaambia, kwa ajili ya kiharusi cha Baba. Mgonjwa anavalishwa kofia yenye taa za leza kwa ndani, dakika 20 kila siku. Wanasema inaamsha sehemu ya ubongo iliyopigwa na kiharusi.

Omari: Ni 80,000 kwa siku, kwa siku 24. Jumla 1,920,000. Mimi ninazo laki tisa. Kila mmoja aseme anatoa ngapi, mzee asicheleweshwe.

Shangazi Zainabu: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Mimi natoa laki moja. Kaka yangu ndiye aliyenilea.

Shangazi Zainabu: Na hiyo leza naiamini. Mwaka juzi uso uliponipinda, jicho halifumbi, chai inanimwagikia kidevuni, nilipigwa leza wiki tatu na uso ukarudi mahali pake. Nyote mliona.

Baba Mdogo Athumani: Laki moja na nusu mwisho wa mwezi. Ila nauliza, hiyo si mionzi? Tusije tukatibu kiharusi tukaleta saratani.

Mwanaidi (Dar): Mimi laki mbili. Mama naye ametuma sauti. Anasema ana elfu sabini ameweka pembeni, na kwamba Baba ameitazama hiyo video mara nne leo.

Hidaya: Shikamooni wazazi wangu. Ndiyo kwanza natoka kazini, nimesoma yote. Naombeni mnivumilie, nitaandika kirefu.

Hidaya: Baba Athumani, mwanga wa leza hizi si mionzi ya eksirei. Ni mwanga mwekundu, au ule ulio ng'ambo kidogo ya mwekundu ambao jicho halioni, wanaouita infraredi. Hauvunji chembe za urithi kama eksirei inavyoweza. Hatari yake kubwa ni macho, ndiyo maana mgonjwa na mhudumu wote wawili huvaa miwani maalumu. Na haumulikwi juu ya uvimbe wa saratani.

Baba Mdogo Athumani: Hapo nimekuelewa.

Hidaya: Tena si jambo la uongo lililozuka jana. Mwaka 1967 huko Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni akawamulika kwa leza dhaifu, akaona manyoya yanaota haraka zaidi kwa waliomulikwa. Kuanzia hapo watu wakaanza kuitumia kwenye vidonda na maumivu.

Hidaya: Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani ya kila seli kuna vijiwanda vya nguvu vinavyoitwa mitokondria, na kuna kimeng'enya humo kinachonyonya mwanga huo. Kikishaunyonya, seli inatengeneza nguvu vizuri zaidi kwa muda. Seli iliyochoka inapata msukumo.

Omari: Sasa si ndiyo hivyo hivyo wanavyosema kwenye video? Seli za ubongo zilizochoka zinaamshwa.

Hidaya: Ndiyo kaka, mpaka hapo wako sawa. Tatizo linaanzia kwenye fuvu. Kidonda cha mguuni mwanga unakigusa moja kwa moja. Kichwani kuna nywele, ngozi, mfupa, utando, halafu ndiyo ubongo. Unaovuka mpaka ndani ni kidogo mno, na kiharusi cha Baba Mkubwa kilipiga ndani sana, ile karatasi ya sitiskani, kile kipimo cha picha za ndani ya kichwa, niliisoma mwenyewe.

Hidaya: Na hili la kofia kwa kiharusi limeshajaribiwa kwa watu wengi, si kwa kubahatisha. Yalikuwa majaribio matatu yanayoitwa NEST. Wagonjwa walinyolewa, kichwa kikamulikwa sehemu 20, dakika mbili kila sehemu, ndani ya saa 24 tangu kiharusi. Wengine waliwekewa mashine isiyotoa mwanga bila wao kujua.

Hidaya: La kwanza, watu 120, lilileta furaha: waliopata nafuu nzuri walikuwa asilimia 70, na wale wa mashine tupu 51. Likafuata la watu 660. Pengo likasinyaa, 36 kwa 31, kiasi ambacho hata bahati tu ingeweza kukileta. La tatu walitaka watu 1,000. Walipofika 630 lilikuwa limeshasimamishwa, maana hesabu za katikati zilionyesha hakuna tofauti.

Mwanaidi: Na hao walimulikwa siku ileile. Baba ana miezi mitano.

Hidaya: Ndiyo dada.

Omari: Hidaya, mimi nakuheshimu, wewe ndiye mwenye fani ya kutibu kwa mazoezi. Lakini Shangazi hapa uso wake umerudi. Huo nao ni uongo?

Hidaya: Shangazi hajasema uongo hata kidogo. Ila ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Ule ni mshipa wa fahamu wa usoni uliovimba, si ubongo. Wengi wanaopata ule, kama watu saba kati ya kumi, uso hurudi kabisa hata bila tiba yoyote, na wiki tatu ndio wakati ambao wengi huanza kurudi. Tiba yenye uhakika zaidi ni vidonge vya prednisoloni, vianzwe ndani ya siku tatu za mwanzo. Shangazi ulipewa vidonge?

Shangazi Zainabu: Nilipewa. Vidogo vyeupe, asubuhi, na chai. Nilikuwa nimevisahau kabisa.

Hidaya: Basi sisi hatuwezi kujua ni vidonge, ni leza, au ni mwili wako wenyewe. Nashukuru Mungu kwamba ulipona.

Hidaya: Na leza ina mahali pake, sitaki niionee. Maumivu ya shingo imesaidia: mwaka 2009 yalikusanywa majaribio 16 ya watu 820, na maumivu yalipungua. Wagonjwa wa saratani wanaotoka vidonda mdomoni kwa sababu ya matibabu, miongozo ya kimataifa inaipendekeza kuzuia vidonda hivyo. Bega la Baba Mkubwa linalomuuma usiku, mtu akiniambia alijaribu leza pamoja na mazoezi nisingemkataza.

Hidaya: Kaka, ile picha ya kijikaratasi cha mashine uliyotuma, ikuze. Mstari wa tatu kutoka chini. Kwa Kiingereza wameandika kwamba ni ya kupunguza kwa muda maumivu ya misuli na viungo. Kiharusi hakikutajwa. Kiharusi kimetajwa na yule kijana wa kwenye video.

Omari: Nimeuona.

Omari: Mimi niko mbali, Hidaya. Baba aliinuliwa kitandani na watoto wa jirani mimi nikiwa zamu. Kitu ninachoweza kukifanya kutoka huku ni kutuma hela. Ukiniambia nisitume, nifanye nini?

Mwanaidi: Kaka usiseme hivyo.

Hidaya: Sijasema usitume. Nipe kwanza nafasi nimuulize Mama Mkubwa jambo moja. Mama, presha ya Baba Mkubwa leo ni ngapi?

Juma: Shikamooni wote. Mimi ndiye niliyempima Babu. 178 kwa 104.

Hidaya: Mwezi uliopita ilikuwa 140 na kitu. Dawa anakunywa?

Juma: Bibi ametuma sauti.

Mwanaidi: Nimeisikiliza. Jamani. Mama anasema tangu aone ile video anampa Baba dawa ya presha siku moja, siku ya pili anaruka, ili kopo lifike mbali. Zile elfu sabini ndipo zilipotoka.

Shangazi Zainabu: Ya Rabi.

Hidaya: Mama yangu, hakuna anayekulaumu, ulifanya kwa mapenzi. Ila hilo ndilo la usiku huu, leza iwekeni kando. Kinachoita kiharusi cha pili kuliko kitu chochote ni presha. Leo apewe dozi yake kama ilivyoandikwa, moja tu, asiongezewe kufidia zilizorukwa. Kesho asubuhi apelekwe kliniki wamwone. Usiku huu mdomo ukipinda, maneno yakivurugika, mkono au mguu ukilegea zaidi, au kichwa kikimpasuka ghafla, msingoje asubuhi. Hospitali moja kwa moja.

Juma: Nimempa dawa sasa hivi. Nalala chumbani kwake.

Baba Mdogo Athumani: Kesho saa moja niko hapo na gari.

*Jumamosi, mchana*

Baba Mdogo Athumani: Tumerudi. Imeshuka, 158 kwa 92. Daktari amesema dawa ni zilezile, kila siku, na arudi baada ya wiki mbili.

Omari: Alhamdulillah. Nimeshatuma hela ya dawa za miezi mitatu kwa Mwanaidi. Mama, dawa zisikatwe tena kwa ajili ya chochote. Nakuomba.

Juma: Babu anataka niandike maneno yake. Amesema niandike kama anavyosema, nisipambe.

Juma: "Omari, usidhani nimechanganyikiwa na televisheni. Leza sikuitaka kwa miguu. Kwa mkongojo nafika msikitini. Ni mkono wa kulia. Tangu nitoke hospitali sijakaa kwenye sinia na watu. Juzi ilikuwa walima kwa jirani, wakaniita, nikasema nina homa. Sina homa. Nakula chumbani kwa mkono wa kushoto, nimefunga mlango."

Shangazi Zainabu: Kaka yangu.

Baba Mdogo Athumani: Mwenye udhuru hana lawama, kaka, na wewe ndiye uliyetufundisha hayo chuoni.

Juma: Amesema: "Najua hukumu yake. Nasema moyo."

Hidaya: Baba Mkubwa, asante kwa kuniambia. Miezi yote hii nimekuwa nikiuliza habari za miguu, na hili sikuliuliza.

Hidaya: Juma, nifanyie kitu. Mkono wa kulia wa Babu uweke juu ya meza, kiganja kitazame chini, vidole vining'inie nje ya ukingo. Mwambie ainue kiganja kama anayesema "simama". Halafu ajaribu kunyoosha vidole. Nirekodie kwa karibu.

Juma: *video, sekunde 41*

Hidaya: Nimeitazama mara tatu. Kiganja kinainuka! Si sana, ila kinainuka. Na kidole cha shahada na gumba vinafunguka, vile vitatu vinasuasua. Jamani hii ni habari kubwa.

Omari: Kivipi?

Hidaya: Kuna tiba ya watu kama yeye. Mkono mzima ndio unaofungwa, unavalishwa mfuko usiweze kushika kitu, ule dhaifu unalazimika kufanya kazi. Mtu akipata kiharusi huzoea mkono mzima, na ubongo nao unauacha ule mwingine, kama njia ya shambani isiyopitwa. Ukiulazimisha, njia inafunguka tena. Marekani walijaribu kwa watu 222 waliokuwa na miezi mitatu mpaka tisa tangu kiharusi, matokeo yakatoka 2006. Mfuko karibu muda wote wakiwa macho kwa wiki mbili, na mazoezi yanayofikia jumla ya saa sita kwa siku. Wakawapita wale wa matibabu ya kawaida, na mwaka ulipopita nafuu ilikuwa bado ipo.

Hidaya: Sharti lake ni kwamba kiganja na vidole viweze kuinuka kidogo. Chake kinainuka.

Mwanaidi: Miezi mitano. Yumo.

Hidaya: Yumo. Ila kwa umri wake na presha hii hatuanzi na saa sita. Saa mbili kwa siku, akiwa amekaa, wiki hii. Akisimama, mfuko unavuliwa ashike mkongojo. Akienda chooni, unavuliwa. Akianguka tumepoteza yote. Na siwahakikishii kwamba mkono utarudi kama zamani.

Omari: Huo mfuko unauzwa wapi? Nitume.

Hidaya: Hata soksi nene inafaa. Kama unataka kutuma, mlipie mtaalamu wa mazoezi aje nyumbani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hapo Tanga kuna mwenzangu niliyesoma naye, anatoza 30,000 kuja nyumbani. Mara 24 ni 720,000.

Omari: Laki tisa zangu ninazo. Mwambie aanze Jumatatu. Za wengine kaeni nazo kwa dawa.

*Jumapili, jioni*

Juma: Bibi ameshona mfuko kwa kipande cha kanga. *picha*

Shangazi Zainabu: Hiyo kanga si ya arusi ya Mwanaidi!

Juma: Hidaya alisema nimtafutie Babu kazi ya vidole aipendayo, nikatoa bao. Nikamwambia kete zote 64 ni za mkono wa kulia, wa kushoto haujaalikwa.

Hidaya: Juma! Hapo umenipita mimi niliyekaa darasani. Kuokota kete, kuzishika, kuachia moja moja shimo kwa shimo, ndicho hasa kile vidole vyake vilichosahau.

Juma: Mwanzo alikuwa anazisukuma tu kwa kiganja. Akakasirika, akasema niliondoe bao. Bibi akamletea chai, akanyamaza, akaanza tena. Sasa anaibana kete kwa gumba na shahada, mkono unatetemeka, anaipeleka, anaiachia. Nimehesabu, amefika mashimo matano bila kudondosha.

Juma: Mbili zimeangukia chini ya kiti. Nimetaka kuziokota amenikataza. Ameinama mwenyewe, nimemshika mgongoni tu.

Hidaya: Saa mbili zimetosha leo. Mvue apumzike. Presha?

Juma: 150 kwa 88. Dawa amekunywa, nimeona mwenyewe.

Omari: Nirekodieni na mimi nione. Hata sekunde kumi.

Juma: Narekodi kesho, sasa hivi ameshika bao hataki kuliachia. Amesema niandike: "Athumani aje Jumapili ijayo tucheze. Asinipe mchezo kwa huruma."

Baba Mdogo Athumani: Mwambie nakuja na kete zangu.