MREJESHO: Muhula wangu wa masomo Berlin

Wakuu, kabla sijaondoka Dar niliwauliza nijipangeje kwa muhula mmoja Berlin: pesa, chumba na baridi. Nimerudi juzi, nikaona si haki kukaa kimya.

Aliyenisisitiza nifungue mapema ile akaunti ya kuombea viza, inayofungia pesa zako na kukuachia euro 992 kwa mwezi, Mungu ambariki. Viza haikunisumbua.

Chumba ndipo nilipokwama. Mlisema nisilipe kabla ya kukiona, nikatii. Lakini mwenye nyumba wa kwanza alikataa kunipa barua ya kuthibitisha naishi kwake, na Ujerumani unatakiwa ujiandikishe makazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Bila barua hiyo huandikishwi. Nilihangaika mwezi mzima mpaka nilipohamia mtaa wa Wedding, hapo hapo Berlin. Mnaokwenda, ulizieni barua kabla hata ya kodi.

Koti nililipata mtumbani, soko la Jumapili la Mauerpark, zito na zuri kweli. Ila chakula nunueni Jumamosi, maana Jumapili maduka mengi hufungwa.

Kijerumani nilichelewa kuanza kama mlivyonionya, na kilinigharimu.

Asanteni sana, ndugu zangu. Mlinibeba.