Fundi mzima anasema "gita la mbao za kitanda litalia kama kitanda"!!!

#1 Nyuzi Sita
Wakuu, salamu baadaye. Yule fundi mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye meza iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo tangu enzi za kaseti. Nimetoka kwake sasa hivi. Gita langu, nililompelekea aniungie nyaya za pikapu, limechomekwa kwenye ampu, linalia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa. Kuuliza tu kulikoni, ananijibu mbele ya wateja: "Kijana, gita la mbao za kitanda litalia kama kitanda."

Mbao za kitanda! Mninga huo! Mninga mkavu, unene milimita 45, hauna fundo hata moja!

Sasa oneni alichofanya. Pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachonasa sauti chini ya nyuzi, ni hambaka (yaani ya koili mbili) ya kampuni ya DiMarzio, nyaya nne za rangi na mmoja mtupu. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo inapeleka sauti kwenye swichi, nyeusi na nyeupe unazilehemu pamoja na kuzifunga tepu, kijani na ule mtupu vinakwenda ethi. Yeye kafungua mchoro wa Seymour Duncan, kampuni nyingine, ambako nyeusi ndiyo inapeleka sauti, na nyekundu na nyeupe ndizo zinafungwa pamoja. Kaufuata kama msahafu. Koili moja imegeuka, basi sauti ya nyuzi inafutana, besi imekufa, na ule mvumo wa umeme ambao hambaka iliundwa kuufuta sasa unajumlishwa mara mbili. Yaani kazi yote ya Seth Lover, aliyeiunda hambaka pale kiwanda cha magita cha Gibson mwaka 1955, huyu kaipindua kwa mchana mmoja. Halafu kosa ni la mbao.

Voliumu, vile vya kuzungusha sauti, kaweka za kilo-ohm 250 (250k). Hizo ni za singo koili, pikapu za koili moja, kwenye hambaka zinameza sauti ya juu, weka 500k. Waya wa ethi wa kwenye brigi, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, hakuna kabisa: ukishika nyuzi mvumo uko palepale, ukishika chuma cha jeki unapungua. Nimemwonyesha kwa kidole. Kasema umeme wa mtaa huu mchafu.

Elfu thelathini kachukua. KAMA KITANDA, wakuu.

#2 Mzee wa Freti
Pole sana mkuu. Swali dogo: kitanda chenyewe ni cha mtu mmoja au ni 5 kwa 6?

#3 Lehemu Baridi
Mimi nakulaumu wewe. Rangi zote umezikariri, halafu nyaya tano unampelekea fundi redio? Chuma cha wati 40 kinatosha. Mgongo wa voliumu ukwaruze kwanza kwa msasa, maana juu ya ule mng'ao lehemu haishiki, inakaa tone kama mafuta juu ya maji. Gusa sekunde tatu nne, toa. Wanaong'ang'ania dakika nzima wanaikaanga voliumu kwa ndani, halafu ukizungusha inakwaruza kama mtu anasaga mchanga.

#4 Nyuzi Sita
Sijauliza kulehemu! Nimeuliza ni haki mtu kuambiwa maneno yale mbele ya wateja? Kuna mama alikuja kufuata feni yake, kacheka mpaka kaketi.

#5 Dada wa Solo
Huyo mama namuelewa.

Ila jamani, asije mtu hapa akasema fundi angepima ohm, ukinzani wa pikapu, angejua. Koili ikigeuzwa mita inasoma ileile, kama ilikuwa 8k inabaki 8k. Unachofanya: mita iache imeunganishwa kwenye ncha mbili za pikapu nzima, weka bisibisi ya chuma juu ya skrubu za koili ya kwanza, ivute juu kwa haraka. Namba itaruka kidogo, ama juu ama chini. Rudia koili ya pili. Zikiruka upande mmoja uko salama. Moja ikipanda na nyingine ikashuka, geuza nyaya za koili moja. Haifiki dakika mbili, na ampu huhitaji. Fundi aliyeshindwa hilo hana uhalali wa kuzungumzia mti wowote.

#6 Kobe Mwendokasi
Nimekimbilia huu uzi nikidhani pikapu ni Hilux. Natoka taratibu.

#7 Besi Tupu
Weka picha mkuu. Bila picha hii ni chai.

#8 Nyuzi Sita
[picha]

#9 Besi Tupu
Ngoja nicheke kwanza. Brigi yako ni ya mtindo wa magita ya Fender, kutoka uzi mnene mpaka mwembamba kama milimita 52.5, pikapu uliyoweka skrubu zake zimebanana zaidi. Hiyo ingefaa upande wa shingo. Uzi mnene unapita pembeni ya skrubu yake kama mtu anayemkwepa mdai. Kwa sikio si balaa, lakini kwa macho ni aibu, na hapo fundi hahusiki, uliyenunua ni wewe.

Halafu mbona imeinuliwa hivyo? Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, kile kichuma cha mwisho cha shingoni, pima kutoka chini ya uzi mpaka juu ya skrubu: hambaka anzia milimita 1.6. Singo koili za sumaku ya alniko zipe nafasi zaidi, 2.4 upande mnene na 2.0 upande mwembamba, maana zikikaribia sana zinauvuta uzi. Noti moja inalia kama mbili zinazogombana, na watu wanakwenda kusawazisha freti zisizo na kosa.

Na hilo shimo umechimba kwa patasi au kwa meno?

#10 Nyuzi Sita
Shimo liacheni! Linafunikwa na fremu!

#11 Mpiga Kinanda
Bora wewe umekutana na fundi. Sisi wa kwaya tuna yule wa mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, mnamjua. Gita likivuma anashusha kinanda. Kinanda kikilalamika anashusha waimbaji. Spika zikipiga ukelele anamwangalia mchungaji.

#12 Ngoma Nzito
Usiseme mafundi mitambo, sema wapiga solo. Wako kumi wote, kwenye mazoezi ni mmoja tu ana kebo.

#13 Mzee wa Freti
Swali langu la kitanda halijajibiwa.

#14 Mama Randa
Mnataja vitanda na kuna seremala ana advansi yangu tangu masika. Kila nikipiga simu anasema "mbao zinakauka." Mbao gani hiyo inakauka kuliko mahindi?

#15 Lehemu Baridi
Mninga?

#16 Mama Randa
Mninga ndiyo. 5 kwa 6.

#17 Nyuzi Sita
Wakuu turudi kwenye mada. MBELE YA WATEJA.

#18 Kobe Mwendokasi
Nimerudi. Mama, huyo seremala ni yule wa karibu na kituo cha mafuta? Kama ndiye, droo zangu nazo zinakauka.

#19 Mama Randa
Ndiye huyohuyo! Njoo PM.