Naomba ushauri: tudai nini kwenye mkataba wa biashara huria?

Habari wakuu. Kampuni yetu inatengeneza breki za treni, nami nimetwishwa kuandika maoni yetu kwa wanaojadili mkataba wa biashara huria. Wenzangu wanapigia kelele ushuru wa forodha tu. Mimi naona wateja wetu wengi ni mashirika ya umma. Zabuni zikifungiwa wageni, hata ushuru sifuri hautufai kitu. Mkataba wa Umoja wa Ulaya na Japani, ulioanza kutumika 2019, uligusa hilo: Japani ilikubali kuondoa kipengele cha usalama wa uendeshaji kilichowabana wageni kwenye zabuni za reli.

Sasa nitangulize zabuni, au kutambuliana vyeti vya usalama? (Kupima breki ileile mara mbili kunachosha, jamani.) Na sharti la kutumia vipuri vya ndani nilipinge vipi bila kuonekana mchoyo?