Naomba ushauri: mtaro unaziba kila masika

Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, masika yakianza mtaro huziba na maji machafu huingia hadi vyumbani. Vijana wameuzibua kwa majembe, lakini baada ya muda mfupi unajaa taka tena. Wengi wanasema wapangaji ni wachafu. Mimi sikubali: gari la taka halipiti kwenye vichochoro vyetu, sasa mtu atatupa wapi?

Tuna vijana wenye mikokoteni, chama cha akina mama, mafundi, na ukumbi wa kanisa.

Je, tuendesheje baraza la kutafuta chanzo bila wapangaji na wenye nyumba kulaumiana? Na wenye mikokoteni wakibeba taka, walipweje ili kazi isife?