Nimechoka na maazimio ya Januari, mwaka huu nataka mradi mmoja wa kuandika. Nichague upi?

Mtoto wa Fundi

Wakuu, heri ya mwaka mpya.

Nina daftari hapa mbele yangu, la jalada la kijani. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa wino mwekundu: "Mwaka huu nitaandika kila siku." Chini yake tarehe zinafuatana, kila siku mistari miwili mitatu, mpaka tarehe 19 Januari. Usiku wa tarehe 20 mtoto aliumwa, sikugusa kalamu. Tarehe 21 niliona aibu hata kulifungua. Kurasa zilizobaki ni nyeupe mpaka leo. Daftari la mwaka uliotangulia liliishia tarehe 11 Februari, na la kabla ya hapo sikumbuki nililiweka wapi.

Juzi nimelisoma hilo la kijani lote, mwanzo hadi mwisho wake. Siku 19, mambo 19 yasiyohusiana. Mvua, ndoto, kijana niliyemwona kwenye basi, ugomvi wa kazini. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kinasubiri siku ya 20. Nilipokosa siku moja sikuwa nimeacha mtu mlangoni wala sentensi nusu, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunirudisha. Nadhani ndipo azimio langu linapokufa kila mwaka. Linanidai siku, halinipi kazi.

Mwaka huu nataka kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Ninayo mawazo matatu.

La kwanza ni riwaya ya mwanamke anayerudi kwenye nyumba aliyokulia na kukuta imeuzwa. Huyu mama ninaishi naye kichwani mwaka wa pili sasa, najua hata anavyokohoa. Mwisho wake siujui.

La pili ni hadithi fupi 12, zote ndani ya basi moja la usiku, safari moja, kila hadithi abiria mmoja.

La tatu ndilo ninaloliogopa. Utenzi juu ya baba yangu. Baba alikuwa fundi saa, amefariki miaka minne iliyopita. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya meza yake nimwokotee skrubu zinapodondoka. Ni ndogo kuliko punje ya mchanga, huzioni, kwa hiyo alinipa sumaku iliyofungwa kwenye uzi nikawa naiburuta sakafuni taratibu mpaka nisikie "tik". Akifika kwenye kile kigurudumu kinachocheza ndani ya saa alikuwa anabana pumzi. Nami kule chini nabana pumzi. Akishusha, nashusha.

Utenzi niliandika mara ya mwisho nikiwa shuleni. Kila ubeti vipande vinne, mizani (silabi) nane nane, vitatu vina kina kimoja na cha nne kinabeba bahari, kile kina kisichobadilika, mpaka mwisho. Hayo nayakumbuka, mkono ndio umesahau.

Nina kazi, nina watoto wawili, na nina saa moja usiku, si kila usiku. Mngekuwa ninyi mngechukua upi? Na mradi uwe mkubwa kiasi gani ili usije ukanitia tena aibu ya tarehe 21?

---

Bibi Rasimu

Mwanangu, pole kwa baba.

Nianze na riwaya, maana ndiyo inayowamaliza watu. Maneno 50,000 ukiyagawa kwa siku 365 unapata 137 kwa siku. Ukiiona hesabu hiyo unasema, mbona kidogo? Ni chini ya nusu ukurasa. Lakini maneno 137 ya riwaya yanataka ukumbuke yale 20,000 yaliyotangulia: nani anajua siri gani, nani ana ufunguo, mvua ilinyesha lini. Mwenye saa moja ya usiku anatumia nusu yake kukumbuka alipoachia. Nasema hivi kwa sababu nimeuzika mswada wangu mwenyewe sura ya saba. Kila nilipokaa nilirudi sura ya kwanza "kujikumbusha," nikaishia kuirekebisha. Sura ya kwanza niliiandika mara kumi na nne. Ya nane haijazaliwa.

Uliofuata niliumaliza kwa kubadili jambo moja tu: niliandika aya ya mwisho kwanza. Mtu wangu amesimama kituoni, ana barua mfukoni ambayo hakuituma. Aya yenyewe nilikuja kuifuta baadaye, lakini mwaka mzima nilijua naelekea wapi. Huyo mama yako wa nyumba iliyouzwa, kama mwisho wake huujui, mwache akomae. Hatakukimbia.

Hadithi za basi ni wazo zuri na la busara kwa mtu mwenye watoto, kila mwezi unafunga moja. Lakini soma ulichoandika hapo juu. Riwaya umeipa mistari mitatu, basi umelipa mmoja. Baba umempa sumaku, uzi, na pumzi.

---

Zamu ya Usiku

Naomba nitofautiane kidogo na mwenye mada kuhusu azimio.

Mimi nauguza wagonjwa, zamu zangu zinabadilika kila wiki. Niliwahi kuwa na mradi mzuri kabisa, umepangwa sura kwa sura, ukanilalia mwaka mzima kwa sababu sikuupangia saa. Mradi unakwambia uandike nini. Haukwambii lini, na hilo kwangu ndilo gumu. Kuna mwandishi wa Kiingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope, aliyekuwa mfanyakazi wa posta. Alikuwa anaandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa yake imewekwa mbele yake, na alijidai maneno 250 kila robo saa. Mtoto wa fundi saa nadhani atamwelewa.

Simwambii mtu afanye hivyo, mimi mwenyewe siwezi. Nilichofanya ni kuacha "kila siku" na kushika dakika 40 za Jumapili asubuhi, basi. Nikikosa Jumapili silipi deni, nangoja inayofuata. Mwaka juzi nilijaribu lile zoezi la kuandika riwaya mwezi Novemba (NaNoWriMo), lililoanzia Marekani mwaka 1999, maneno 50,000 ndani ya siku 30. Ni maneno 1,667 kila siku. Nilifika siku ya tisa. Kwa wengine linafanya kazi, nawaheshimu sana. Mimi nilikuwa naandika ili nifikishe hesabu, na ukiisoma ile kazi unasikia kabisa mahali ambapo sentensi zilianza kuvutwa.

Kwa hiyo chukua mradi, sawa, lakini upe na siku yake.

---

Mtoto wa Fundi

Bibi, umenisoma vizuri kuliko nilivyojisoma. Asante.

Zamu ya Usiku, nimekuelewa. Ijumaa usiku watoto wanalala mapema. Nimeiandika ukutani.

Sasa nina hofu moja. Utenzi wa baba uwe na urefu gani? Nikisema "mpaka uishe" najijua, hautaisha. Nikisema beti mia, Machi nitakuwa nimekimbia.

---

Mpanga Vina

Ndugu, jibu lako liko kwenye meza ya baba.

Uso wa saa una namba 12. Kati ya namba na namba kuna dakika tano. Mwaka una miezi 12. Andika beti tano kila mwezi, Desemba mzunguko umefunga na una beti 60. Ijumaa moja ubeti mmoja, na mwezi wenye Ijumaa nne mmoja utauiba siku nyingine. Beti 60 ni vipande 240. Si mzigo wa kumtisha mtu, na si mchezo pia.

Na kila mwezi upe kitu chake. Januari meza. Februari sumaku. Mwezi mmoja mteja aliyeleta saa ya marehemu mumewe na hakutaka itengenezwe, alitaka isafishwe tu (huyu nimembuni, wewe una wa kweli). Usianze na kuzaliwa kwa baba. Wengi wanaoandika utenzi juu ya mzazi wanaanza na kuzaliwa, ukoo, shule, ndoa, na ubeti wa thelathini unakuta mtu bado hajaonekana. Waache wasomaji wamwone ameinama kwanza.

Jambo jingine: chagua bahari leo. Kina cha mwisho cha kipande cha nne utaishi nacho mara 60. Ukichagua kina kigumu, kwa mfano "-mbe", mwezi wa nne utakuwa unatafuta maneno badala ya kumtafuta baba. "-a" inayotanguliwa na irabu ni pana: afungua, ngojea, sikia, pokea. Ndiyo maana wazee waliitumia sana.

Tuwekee ubeti wa kwanza hapa hapa.

---

Mtoto wa Fundi

Nimekaa tangu saa tatu usiku. Huu hapa.

*Kibano cha mkononi,*
*na lenziye ya jichoni,*
*kainama mezani,*
*baba saa afungua.*

---

Mpanga Vina

Baba ameingia. Kipande cha tatu kimepungukiwa. Hesabu kwa vidole: ka-i-na-ma-me-za-ni. Saba. Vingine vyote vina nane, na hiyo "m" ya "mkononi" umeipa haki yake ya silabi nzima, vizuri. Sema "kainamia mezani", utapata nane, na maana inakaa vizuri zaidi, mtu anainamia kitu.

---

Bibi Rasimu

Mwanangu, usiuguse tena huo ukishaurekebisha. Nimekwambia habari ya sura yangu ya kwanza. Nenda wa pili.

---

Mtoto wa Fundi

Nimerekebisha, na nimeufunga. Niko kwenye lile daftari la kijani, ukurasa unaofuata tarehe 19. Wa pili ulitakiwa kungoja Ijumaa ijayo, lakini umekuja wenyewe nikiwa nazima taa:

*Kamani imekatika,*
*saa nayo imechoka,*
*mshale haujafika,*
*dakika yaungojea.*

(Kamani ni ile springi ya saa.) Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Ni nane nane. Mpanga Vina naomba unihakikishie kipande cha nne, hiyo "yaungojea" nimeitamka kwa sauti na mke wangu ameamka.