Chensoo ya zamani: cheni inazunguka bila kubana resi. Klachi imekwisha?

Habari za majukumu wakuu. Nimenunua Stihl 038 ya mkononi hapa Mafinga, kwa jamaa aliyekuwa anaangusha paini. Kuwaka inawaka vizuri. Ila nikiiacha kwenye sailensi (injini inaunguruma bila resi) cheni inazunguka yenyewe, na nikizamisha kwenye gogo nene injini inapiga kelele huku cheni imesimama. Fundi anataka ninunue klachi nzima na dramu (kile kikombe kinachoifunika na kuzungusha cheni). Kabla sijatoa hela, klachi iliyokwisha naijuaje?

Mpasuaji_Njombe: Kata springi za klachi mzunguko mmoja zikaze. Yangu nilifanya hivyo, inadunda mpaka leo.

BabuMisitu: Mpasuaji, usimpoteze mwenzio. Springi ikikatwa inavuta kupita kiasi, kiatu (kipande cha klachi kinachobana dramu kwa ndani) kinachelewa kushika, klachi inateleza na kuungua. Mbaya zaidi zikiwa hazilingani.

Mleta mada, hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja. Tuanze na cheni kuzunguka. Kazi ya springi ni kurudisha viatu ndani. Zikilegea, viatu vinagusa dramu mapema. Shusha kwanza skrubu ya sailensi. Mashine nyingi za saizi hiyo hutulia kwenye mizunguko 2,500 hadi 2,800 kwa dakika. Ikikaribia kuzima na cheni bado inatembea, vua kifuniko, toa klipu, chomoa dramu. Angalia springi iliyoachia nafasi kati ya mizunguko yake au iliyokatika kwenye ndoano. Halafu shika beringi ya sindano, ile dramu inayozungukia juu ya shafti. Ikiwa kavu inaburuta dramu pamoja na shafti, na hapo klachi inasingiziwa bure. Nimeona watu wakinunua klachi kwa sababu ya grisi!

Kuteleza ndiko kunakotokana na viatu kulika. Husqvarna wanasema kiatu kikibaki chini ya milimita 1 pale palipolika zaidi, badilisha klachi nzima. Stihl wanaangalia unene wa ukuta wa dramu: chini ya asilimia 80 ya ule wa awali, tupa. Dramu yenye rangi ya bluu imeungua. Na cheni butu je? Ukikandamiza cheni butu hata klachi mpya itateleza.

PawasooEldoret: Huku kwetu fundi alifungua klachi kwa patasi na nyundo, akapasua kiatu. Nyuzi za klachi ni za kinyume, inafunguka ukizungusha kulia. Ili injini isizunguke nayo, toa plagi, ingiza kamba kwenye silinda pistoni ikiwa imeshapanda na kuziba tundu la moshi, la sivyo kamba itanasa humo na kukatwa. Ncha ya nje ipige fundo.

Mleta mada: Asanteni sana, hasa Babu. Nimefungua. Beringi kavu kabisa, imepiga bluu kidogo, na springi moja imekatika ndoano. Viatu bado vina nyama, karibu milimita 2. Ukuta wa dramu ni mzima, ila meno yake ya nje yanayovuta cheni yamechimbika, ukucha unazama.

BabuMisitu: Basi klachi ibaki. Nunua springi zote tatu, usiweke moja mpya kati ya mbili zilizochoka. Beringi yenye bluu usiipake grisi ukajidanganya, weka mpya. Dramu itabidi uibadilishe, maana Stihl wanataka meno yakichimbika milimita 0.5 yaondoke. Cheni uliyonayo ina umri gani?

Mleta mada: Ilikuja na mashine, sijui. Nimeshaikaza mpaka skrubu imefika mwisho.

BabuMisitu: Hiyo imetanuka, itakula meno mapya ndani ya muda mfupi. Nunua cheni mbili uwe unazibadilishana, zichakae sawa na dramu.

Mpasuaji_Njombe: Babu, na mimi ngoja nifungue yangu nione hizo springi.